Mpelelezi Asiye na Kitambulisho

*Swali: Mwalimu, shikamoo. Naishi Tabata, ninaandika riwaya yangu ya kwanza ya mauaji. Wapelelezi wangu ni wanawake watatu wa kikoba kimoja: Bi Tatu, mwalimu mstaafu ambaye pia huosha maiti mtaani, Mama Gift, mama lishe, na Sauda mwenye saluni. Mweka hazina wao, Bi Zuhura, anakutwa asubuhi amekufa chumbani kwake. Sitaki bunduki wala damu. Nataka hadithi ya mtaani, ya marafiki, msomaji acheke na afikiri. Lakini nikifika sura ya nne nakwama. Wakianza kuulizia watu wanakuwa kichekesho, halafu najikuta nimeleta inspekta na bastola ili mambo yasogee. Sauda na Mama Gift nao wamebaki kumbebea Bi Tatu mkoba tu. Nifanyeje? Au nihamishie hadithi kijijini, maana Dar ni kubwa mno?*

Marahaba, dada. Nimesoma muhtasari wako na hizo sura nne, na nitaanza na la mwisho kwa kuwa ni jepesi: usihame. Dar es Salaam ni kubwa kwa anayeitazama kupitia dirisha la mwendokasi. Anayeishi Tabata anaishi mtaa: mjumbe mmoja, genge moja la nyanya na vitunguu, kijiwe kimoja cha bodaboda ambacho kinajua nani karudi saa ngapi na karudi na nani. Hadithi za namna hii zinataka watu ambao, hata wakichukiana, kesho watakutana tena bombani. Hao unao tele.

Sasa la sura ya nne. Umewapa wanawake wako maswali, hukuwapa sababu ya kujibiwa. Bi Tatu anagonga mlango, anauliza, "Ulikuwa wapi usiku wa Jumanne?" Tabata gani hiyo? Mtu atamwambia, "We mama vipi, umekuwa polisi?" na mlango utafungwa. Msomaji wako anajua hivyo, ndiyo maana anacheka mahali usipotaka acheke. Kisha wewe, kwa kuona mambo yamekwama, unamwita inspekta.

Mkono wako kwenda kwenye bastola una historia, na si kosa lako. Wengi wetu tulilelewa na vitabu vya pembeni mwa barabara vilivyosomwa mpaka jalada likang'oka: jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba, mpelelezi Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Ni watu wa ndege, hoteli, wanawake warembo na risasi. Nawapenda bado. Lakini hao wana ofisi na wana silaha, na Gamba ana taifa zima nyuma yake. Babu wa hadithi yako ni mwingine, tena yuko hapo ng'ambo tu, Unguja. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikachapwa mwaka 1960, na ndani yake akatuletea Bwana Msa: raia tu, na kiko chake mdomoni, na rafiki yake Najum pembeni. Inspekta Seif yumo, ni polisi, lakini haibebi hadithi. Kama hujawahi kukisoma, kitafute kabla hujaandika sentensi nyingine. Hutakwenda kuiga, unataka uone jinsi mtu asiye na cheo anavyopita kwenye nyumba za watu.

Waingereza nao wana bibi wao. Agatha Christie alimleta Miss Marple katika hadithi fupi mwaka 1927, kisha katika riwaya mwaka 1930: kikongwe wa kijijini, ameketi pembeni anafuma, watu wanazungumza mbele yake kwa kuwa hakuna anayemhesabu. Mwaka 2020 Richard Osman akatoa riwaya ya wastaafu wanne wanaoishi makazi ya wazee na kukutana kila Alhamisi kuchambua mauaji ya zamani, nayo ikauzika sana. Wote hao wana kitu kimoja ambacho wewe umekitupa kapuni: wanaruhusiwa kuwepo. Hakuna anayeshangaa kumwona bibi kwenye chai ya kanisani.

Basi jiulize: hapa Dar, ni wapi mtu anaruhusiwa kuwepo bila kuulizwa amefuata nini?

Msibani, dada. Unao msiba mkononi na umeupitisha kwa aya mbili! Sura ya pili umeandika, "Baada ya mazishi watu walitawanyika," kisha ukakimbilia upelelezi. Rudi hapo. Turubai limefungwa barabarani, bajaji zinageuzia kona ya pili. Wanaume wako nje kwenye viti vya plastiki wanazungumza mpira kwa sauti ya chini. Wanawake wako ndani kwenye mikeka, kanga mabegani, na wengine watalala hapohapo mpaka tanga lianuliwe. Uani masufuria yako motoni, na Mama Gift, kwa kuwa ni mama lishe, ndiye kakabidhiwa mwiko bila hata kuombwa. Kila mtu anayejua lolote kuhusu Bi Zuhura atapita hapo kwa siku tatu: ndugu wa Tanga, mpangaji, mdeni, mume aliyemwacha. Kuna mtu anaandika daftari la rambirambi, jina na kiasi. Polisi wangetoa nini wapate orodha kama hiyo, tena imeandikwa na wahusika wenyewe kwa hiari yao?

Na baada ya hapo kalenda unayo tayari. Kisomo, kisha arobaini. Ningekuwa wewe, riwaya nzima ningeifunga kati ya maziko na arobaini. Siku 40 zinatosha kwa wapelelezi wenye biashara za kuendesha, na siku ya arobaini watu walewale watarudi kukaa kwenye mikeka ileile. Huna haja ya kubuni kisingizio cha kuwakusanya wahusika wote chumba kimoja. (Kama aliyekufa angekuwa mume, ungepata na jingine: mjane yuko eda miezi minne na siku kumi, hatoki hovyo, na askari wa kiume hawezi kumketia chumbani wakapiga soga. Sauda anaweza. Liweke kwa riwaya ya pili.)

Sasa nikuonyeshe namna swali linavyoulizwa mtaani. Umesema nyumba ya Bi Zuhura ina wapangaji wanne, Luku moja, yaani mita moja ya umeme wa kununua uniti. Hukuitumia hata kidogo. Tuseme mpangaji wa chumba cha mbele, yule anayejidai kulia kuliko wote, kamwambia Mama Gift pale uani, wakimenya viazi: "Saa nne nilimsikia kabisa, anaangalia tamthilia yake, anacheka peke yake. Asubuhi maiti. Dunia hii!" Mama Gift ameitikia, "Jamani," akaendelea na viazi. Hana cha kushuku.

Wiki moja baadaye Sauda anamsuka mpangaji wa chumba cha nyuma. Hamuulizi habari za usiku ule. Analalamika ya kwake:

"Wapangaji wenzangu wananitesa na hela ya umeme. Nyie kwenu mnachangaje?"

"Usiniambie, mdogo wangu! Ule usiku aliokufa marehemu si tulikaa giza? Uniti zimeisha saa tatu, kijana wa watu anazunguka chumba kwa chumba kukusanya elfu mbili mbili. Kwa marehemu kagonga mpaka kachoka, ikabidi amtolee. Umeme kuingia saa tano hiyo."

Sauda anaendelea kusuka. Naye hana cha kushuku, kwa sababu hajui kilichosemwa kwenye viazi.

Umeona? Nusu moja iko kwa Mama Gift, nusu nyingine iko kwa Sauda. Televisheni haiwezi kuwa iliwaka saa nne katika nyumba iliyokuwa giza, na kijana wa Luku bado ana meseji ya manunuzi kwenye simu yake, tarehe na saa juu yake. Lakini hilo halitajulikana mpaka hawa wawili wakae pamoja, wale, na wazungumze ovyo kama marafiki wanavyozungumza, mmoja ataje umeme na mwenzake aache tonge hewani. Hapo hakuna mwenye akili kuliko mwenzake, wala anayebeba mkoba. Ukimwondoa mmoja, ukweli haupatikani.

Hili ndilo jibu langu kwa swali lako la marafiki, na kama utasahau mengine yote nitakayosema, shika hili. Urafiki wao usiwe pambo la kupendezesha kati ya sura na sura. Ufanye uwe ndio upelelezi. Kila mmoja awe na mlango ambao mwenzake hawezi kuupita. Mama Gift ana jumuiya yake ya kanisani na wateja wake, makondakta na mafundi wanaokula kwa mkopo. Sauda ana vichwa vya wanawake kwa saa tatu tatu kwenye kiti, na hakuna anayesukwa akanyamaza. Bi Tatu amefundisha nusu ya mtaa. Hata mwenyekiti wa serikali ya mtaa humwamkia.

Na Bi Tatu ana mlango mmoja mzito kuliko yote, ambao umeutaja mstari mmoja ukaupita. Yeye ndiye aliyemwosha Bi Zuhura.

Hebu tulia hapa. Kwa ndugu, kifo hiki ni presha. Alikuwa na presha, kila mtu anajua, vidonge viko juu ya kabati. Kibali cha kuzika kinatafutwa asubuhi, maziko baada ya Alasiri. Hakuna polisi wa mauaji kwa sababu hakuna kesi ya mauaji. Na hilo peke yake linakutatulia tatizo la inspekta kwa nusu ya kitabu. Mtu pekee aliyeuona mwili wote, mchana, kwa utulivu, ni Bi Tatu na mwenzake mmoja chini ya pazia la kanga. Ameona alama, tuseme michubuko midogo ndani ya mdomo wa juu, kama mtu aliyebanwa na kitu laini. Na mwosha maiti ana adabu yake: anachokiona kwenye mwili wa marehemu hukisitiri. Bi Tatu ameishi na adabu hiyo miaka yote, na ndiyo sababu watu wanamwamini na mama zao. Amwambie nani? Awaambie hata Sauda na Mama Gift? Je, kusitiri kunamlinda marehemu au kunamlinda aliyemuua? Muulize sheikh wa mtaani kwako kabla hujaandika, upate maneno yenyewe anavyoyasema, kisha mweke mtu wa namna hiyo ndani ya kitabu. Sura hiyo ukiiandika vizuri, hakuna atakayekumbuka bastola.

Sheria nayo ina zawadi kwako. Katika muhtasari, sanduku la kikoba limepotea na dada wa kazi, Mwajuma, anashikiliwa kwa wizi. Vizuri, wizi una dhamana, mjomba wake anakuja na barua ya serikali ya mtaa, binti anatoka. Sasa fikiri Bi Tatu anapoamua hatimaye kusema. Kwa amri ya mahakama mwili unafukuliwa, daktari anachunguza, sampuli zinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wizi umegeuka mauaji. Na kosa la mauaji halina dhamana. Mtu wa kwanza kuumia kwa ukweli wa Bi Tatu ni yuleyule binti asiye na hatia, anarudishwa rumande, na kila kesi ikitajwa tunasikia upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine. Mama Gift, ambaye Mwajuma ni kama mwanawe, atamtazama Bi Tatu kwa jicho gani? Waache wagombane hapo, sura nzima wasisemeshane. Kikoba kikutane na mmoja asije. Hapo ndipo msomaji atajua kama ni marafiki kweli. Kwenye rasimu yako hawajawahi hata kununiana, na wanawake watatu waliokopeshana pesa bila kununiana hata mara moja mimi sijawaona.

Kuhusu polisi kwa ujumla: usiwafanye wajinga, ni njia rahisi na imechakaa. Usiwafanye mashetani pia, kitabu kitahama aina. Wape mafaili mengi na muda mchache. Kijana mmoja wa kituoni aliyefundishwa na Bi Tatu darasa la nne anatosha, ambaye bado anaona aibu kukaa mwalimu akiwa amesimama.

Sanduku, sasa. Vikundi vingi vina sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, lisifunguke mpaka wote wawepo. Umeandika kwamba mwizi "alivunja sanduku." Usivunje! Likutwe limefungwa, zima, na tupu. Kwa hiyo ama funguo tatu zilikutana, ama mtu alikuwa na nakala, na aliyekata nakala ana kibanda chake sokoni na anakumbuka. Weka kifo wiki chache kabla ya mgawo wa mwisho wa mwaka, wakati sanduku limejaa na waliokopa bila kurejesha wanahesabiwa. Sababu ya kuua utakuwa nayo, na ni sababu ambayo kila msomaji wa mjini ataielewa bila maelezo: aibu ya kusomwa jina mbele ya kikundi. Wauaji wa hadithi hizi hawaui kwa uroho wa mabilioni. Wanaua ili waendelee kuheshimiwa na watu wanaowaona kila siku.

Sumu nitaipitia haraka, maana najua umeifikiria, kwenye muhtasari ipo na umeikata. Ulifanya vyema. Christie alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiyo maana sumu zake zinasadikika. Sisi tusiosomea tunaishia kwenye dawa ya panya, inayotangazwa kwa kipaza sauti kila mtaa. Kila nyumba inayo. Kidokezo kinachomgusa kila mtu hakimwonyeshi yeyote.

Uchawi hutaukwepa. Nusu ya mtaa itasema kalogwa, na ukiliacha hilo nje wasomaji watajua hukuishi Tabata. Abdulla aliutumia kama ukungu, mzimu unaoogopwa na nyuma yake mkono wa binadamu, na wewe unaweza. Ila angalia nani ananyooshewa kidole. Nchi hii vikongwe wameuawa kweli kwa tuhuma za uchawi, tena kwa macho mekundu tu ya moshi wa kuni. Ukimweka bibi anayeshukiwa ili watu wacheke, mimi kama mhariri wako nitamkata. Ukimweka ili Mama Gift, mlokole wetu, alazimike kumtetea mbele ya wenzake wa kanisani, nitakuomba umwongeze kurasa.

Kucheka kupatikane, lakini si kwa marehemu. Wiki ya kwanza Bi Zuhura aliliwe sawasawa. Umemfanya mkali, bahili, mwenye kelele. Mpe na wema mmoja wa siri ambao wapelelezi wanaugundua kwa bahati wakitafuta ubaya wake. Karo ya mtoto wa mtu, kwa mfano, na isiwe ya mtoto wa yeyote kati ya hao watatu.

Najua utaniuliza: muuaji awe mmoja wa watatu? Hapana. Msomaji anarudi kwenye kitabu cha pili kwa ajili yao, sio kwa ajili ya maiti. Lakini mmoja wao awe amewadanganya wenzake kuhusu jambo la aibu lisilo kosa la jinai, na uongo huo uwapoteze njia kwa sura mbili tatu. Ningempa Sauda. Labda yeye ndiye mdeni mkubwa wa kikoba na hakuna ajuaye isipokuwa marehemu.

Kazi ya kuanzia, basi. Sura ya pili iongeze msiba, usipungue kurasa kumi na tano. Sura ya nne itupe yote, pamoja na inspekta na gari lake. Sura ya tatu, pale Mama Gift anapogombana na konda juu ya deni la maharage, usiiguse hata nukta. Nilicheka peke yangu. Na jina la kitabu, "Damu Isiyokauka," libadilishe, maana umesema mwenyewe hutaki damu.